Kabla ya Kumsoma Mgonjwa, Isome Elektrodi

Leo nataka tuzungumze juu ya kidude kidogo cha chuma, kama sentimita moja hivi kwa upana, kinachobandikwa kichwani au kifuani mwa mgonjwa ili kupima umeme unaotoka kwenye seli zake. Kidude hicho ni elektrodi. Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema: elektrodi haisikilizi tu, nayo pia inasema. Asiyejua sauti yake atadhani ni sauti ya mgonjwa.

Kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi Rwanda. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2005 ulikadiria kwamba kati ya kila Wanyarwanda 1,000, takriban 49 wamepata kifafa katika maisha yao. Hesabu hiyo ni kubwa. Karibu kila mlima, kila kijiji, kuna familia inayoijua igicuri, yaani kifafa, kwa jina na kwa sura. Hapa Kigali, upande wa Gasabo, kuna Ndera, hospitali ya magonjwa ya akili na ya neva iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1968, ambako wagonjwa wa kifafa wamekuwa wakitibiwa kwa miaka mingi. Kimojawapo kati ya vipimo vinavyomsaidia daktari wa kifafa ni kile cha umeme wa ubongo, EEG. Daktari wa akili wa Ujerumani, Hans Berger, aliunasa umeme huo kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, na akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Imetimia karne nzima. Mashine zimekuwa za kompyuta, karatasi zimepotea, lakini pale chuma kinapogusana na ngozi matatizo ni yale yale.

Tuanzie kwenye seli yenyewe. Kila seli hai imezungukwa na utando mwembamba. Ndani ya utando kuna potasiamu nyingi, nje kuna sodiamu nyingi, na tofauti hiyo, pamoja na vile utando unavyopitisha ioni moja na kuzuia nyingine, huifanya ndani ya seli ya neva iwe hasi kwa takriban milivolti 70 ukilinganisha na nje. Seli ikiwa na habari ya kupeleka, vijilango vya kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, volteji hupanda kisha hushuka, na yote hayo huisha ndani ya milisekunde moja au mbili. Hiyo ndiyo lugha ya neva. Misuli ya moyo nayo ina lugha yake, ya taratibu zaidi.

Sasa umeme huo mdogo unapita kwenye maji ya mwili, kwenye mfupa wa fuvu, kwenye ngozi, na unafika juu ukiwa umechoka. Umeme wa moyo unafika kifuani ukiwa kama milivolti moja. Umeme wa ubongo, hata seli maelfu kwa maelfu zinapofanya kazi kwa pamoja, unafika juu ya ngozi ya kichwa ukiwa kati ya mikrovolti 10 na 100, yaani sehemu ndogo ya elfu moja ya volti. Na chumba ambamo mgonjwa amelala kina nyaya ukutani zenye volti 230. Ukigawanya 230 kwa mikrovolti 50 unapata zaidi ya milioni nne. Tunataka kunasa kitu kilicho kidogo mara milioni nne kuliko umeme unaowasha taa iliyo juu ya kitanda hicho hicho.

Hapo ndipo elektrodi inapoingia, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Kosa la kwanza linatokana na kemia. Ndani ya waya, umeme husafirishwa na elektroni. Ndani ya mwili husafirishwa na ioni: sodiamu, potasiamu, kloridi. Elektroni haziogelei kwenye maji ya mwili, na ioni haziingii kwenye waya. Kwa hiyo mpakani, pale chuma kinapokutana na jeli yenye chumvi, lazima pawe na mabadilishano ya kikemia, na mabadilishano hayo yana volteji yake. Fedha iliyopakwa kloridi ya fedha, ambayo ndiyo elektrodi inayopendwa kuliko zote, ina takriban volti 0.22 ikipimwa dhidi ya elektrodi ya rejea ya haidrojeni. Itazameni vizuri namba hiyo. Volti 0.22 ni mikrovolti 220,000. Wimbi la ubongo tunalolitafuta ni mikrovolti 50. Kelele ya chuma ni kubwa kuliko ujumbe wa ubongo mara elfu kadhaa.

Mbona basi kipimo kinafanya kazi? Kwa sababu hatutumii elektrodi moja. Tunatumia mbili na kusoma tofauti kati yake. Zikiwa sawasawa kabisa, volteji zao za kikemia zinafutana, inabaki ile ya mwili. Ni kama mizani ya sahani mbili pale sokoni Kimironko: sahani zenyewe zina uzito, lakini zikilingana hakuna anayeumia. Donge la udongo likiganda chini ya sahani moja, kila mteja wa siku hiyo anapunjwa, na muuzaji mwenyewe anaweza asijue.

Kwa elektrodi, donge la udongo huja kwa njia nyingi. Fundi mwenye haraka anachukua elektrodi moja ya fedha na nyingine ya dhahabu na kuzibandika kwenye kichwa kimoja, na mstari kwenye skrini unaanza kutambaa. Msafishaji anakisugua kikombe cha elektrodi kwa brashi ngumu, rangi ya kijivu inatoka, kinabaki kinang'aa, naye anaona amefanya kazi nzuri. Kumbe rangi ile ya kijivu ndiyo kloridi yenyewe, ndiyo iliyokuwa inakifanya kikombe kitulie. Elektrodi ya fedha inayong'aa sana inapendeza machoni tu, kwenye kupima haina utulivu. Kuirudishia utando wake si kazi ya gharama. Katika maabara nyingi duniani waya wa fedha huloweshwa kwenye jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, mpaka ugeuke rangi, kisha husuuzwa vizuri. Kwa zile za hospitali, hufuatwa maelekezo ya mtengenezaji.

Kosa la pili linatokana na ngozi na nywele. Ngozi yetu kwa juu ni tabaka la seli zilizokufa, kavu, lisilopenda kupitisha umeme. Juu yake kuna jasho, mafuta ya nywele, vumbi. Ndiyo maana fundi mzuri husugua ngozi kidogo kwa jeli yenye chembechembe kabla ya kubandika, kisha hupima ukinzani wa kila elektrodi, yaani jinsi umeme unavyozuiwa pale inapogusana na ngozi. Kanuni waliyofundishwa mafundi wengi wa EEG ni ukinzani usiozidi omu 5,000. Mashine za sasa zinavumilia zaidi ya hapo, lakini kanuni ina hekima yake. Ukinzani ukiwa mkubwa, na hasa ukiwa mkubwa kwenye elektrodi moja na mdogo kwenye mwenzake, ule umeme wa ukutani, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, haufutiki tena. Unaingia kwenye kipimo na kuchora mstari mnene kama kamba juu ya wimbi la ubongo.

Kuna jambo ambalo watu hawalitarajii: ukinzani mdogo mno nao ni kosa. Fundi akimwaga jeli nyingi, jeli ya elektrodi moja hutiririka mpaka ikaungana na ya jirani yake. Elektrodi mbili zinakuwa kitu kimoja, tofauti kati yake inakuwa sifuri, na mstari kwenye skrini unalala bapa. Mtazamaji asiye makini anaweza kudhani sehemu ile ya ubongo imenyamaza. Ubongo haujanyamaza. Jeli imejenga daraja la chumvi.

Na nywele? Hapa nataka tutulie kidogo, maana jambo hili ni letu. Mpango wa kupanga elektrodi kichwani unaotumika dunia nzima, ambao Herbert Jasper aliuwasilisha mwaka 1958, unataka elektrodi 21 hivi zigusane na ngozi ya kichwa katika sehemu zilizopimwa. Vifaa vingi vya kushikilia elektrodi hizo vilibuniwa kwa nywele nyembamba zilizolala. Kwenye nywele zetu nzito zilizojikunja, kofia ya elektrodi inanyanyuka, elektrodi inaelea juu ya nywele badala ya kugusa ngozi, na ukinzani unapanda. Mgonjwa mwenye misuko mizito huambiwa akafumue arudi siku nyingine, na aliyetoka mbali anaweza asirudi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Arnelle Etienne, aliliona tatizo hili akalishughulikia. Mwaka 2020 yeye na wenzake, wakiwemo Shawn Kelly na Pulkit Grover, walichapisha kazi yao. Wazo lao ni rahisi na lina akili nyingi: msuke mgonjwa misuko ya mistari inayofuata njia za elektrodi, ile staili ya twende kilioni, ili ngozi ionekane wazi katikati ya mistari. Kisha tumia vibanio vinavyojishikilia chini ya misuko yenyewe na kuisukuma elektrodi ikae kwenye ngozi. Ukinzani ukapungua sana. Nywele zilizokuwa zinahesabiwa kuwa kikwazo zikawa ndizo zinazoshikilia kifaa. Na chuo hicho hicho kina tawi lake hapa Kigali tangu mwaka 2011. Katika mji huu wenye wasusi hodari kila mtaa, sioni sababu ya hospitali yoyote kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa ajili ya nywele zake. Msusi na fundi wa EEG wakae meza moja.

Kosa la tatu ni mwendo na jasho. Volteji ile ya kikemia niliyoitaja inategemea tabaka la ioni lililojipanga juu ya uso wa chuma. Mgonjwa akijigeuza na waya ukavuta elektrodi, tabaka linavurugika, volteji inaruka. Akitokwa na jasho, chumvi ya jasho inabadilisha kemia pole pole, na mstari unapanda na kushuka kwa mawimbi marefu ya polepole. Nayo mawimbi ya polepole, yakitoka kweli kwenye ubongo, yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa. Mnaona jinsi elektrodi inavyoweza kumsingizia mtu.

Niwaoneshe kwa karibu inavyokuwa. Fundi amekaa mbele ya skrini, mistari 20 hivi inatembea. Ghafla kwenye mstari mmoja, wa upande wa kushoto juu ya sikio, linatokea wimbi lenye ncha kali. Sekunde chache, jingine. Yanafanana na yale mawimbi ya ncha ambayo vitabu vinayataja kwenye kifafa. Fundi aliyefundwa vizuri haandiki neno. Anatazama majirani. Wimbi la kweli la ubongo husambaa: huwa kubwa mahali pamoja na dogo zaidi kwenye elektrodi za pembeni, maana tishu za ubongo na maji yake hupitisha umeme kila upande. Wimbi hili limesimama peke yake, majirani wako kimya kabisa. Anainuka, anaibonyeza elektrodi ile kwa kidole, anaona jeli imekauka, anaongeza, anapima ukinzani upya. Mawimbi yanakoma. Ilikuwa elektrodi iliyolegea. Dakika mbili za kazi, na mtoto wa watu ameepushwa na hukumu asiyostahili.

Nasema hukumu kwa sababu najua uzito wake katika jamii zetu. Anayeambiwa ana kifafa hupewa dawa za kumeza kila siku, pengine kwa miaka. Mzazi anaogopa kumpeleka shule. Wachumba wanarudi nyuma. Wengine bado wanaamini kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa mate, jambo ambalo si kweli hata kidogo, na wanamtengea mgonjwa sahani yake. Madaktari wa neva wanafahamu fika kwamba EEG iliyosomwa vibaya ni mojawapo ya njia ambazo watu wasio na kifafa hupachikwa ugonjwa huo. Upande wa pili nao ni mchungu: kelele ya elektrodi ikifunika mawimbi ya ugonjwa wa kweli, mwenye kifafa anarudishwa nyumbani bila msaada.

Tuje kwenye moyo, maana huko wengi wetu tutapimwa siku moja. Kipimo cha moyo, ECG, kina makosa yote niliyoyataja, na kina moja la ziada ambalo ni la hatari kwa nchi zinazopokea vifaa kutoka kila pembe ya dunia. Rangi za nyaya hazifanani. Kwa utaratibu wa Ulaya, waya mwekundu ni wa mkono wa kulia, wa njano mkono wa kushoto, wa kijani mguu wa kushoto, mweusi mguu wa kulia. Kwa utaratibu wa Marekani, mweupe ndio wa mkono wa kulia, mweusi ni wa mkono wa kushoto, mwekundu ni wa mguu wa kushoto, na wa kijani ni wa mguu wa kulia. Muuguzi aliyezoea mashine ya Ulaya akikabidhiwa ya Kimarekani, akashika waya mwekundu na kuupeleka mkono wa kulia kwa mazoea, picha ya moyo itatoka imepinda. Nyaya za mikono miwili zikibadilishana tu, mstari wa kwanza wa kipimo unageuka juu chini, na mtu mwenye moyo wake mahali pake anaonekana kama ana moyo upande wa kulia. Herufi za viungo zimechapwa kwenye nyaya nyingi. Zisomwe herufi, rangi isiaminiwe.

Ningependa pia mjue kwamba hata wanasayansi wakubwa, wanaopima seli moja moja, wanapambana na adui huyu huyu. Mwaka 1949 Gilbert Ling na Ralph Gerard huko Chicago walieleza jinsi ya kutengeneza elektrodi ya kioo, mrija uliovutwa mpaka ncha yake ikawa nyembamba kuliko mikroni moja, ukajazwa maji ya chumvi ya potasiamu. Ncha hiyo inatoboa utando wa seli na kupima volteji ya ndani. Lakini tundu lenyewe linavuja, na volteji unayoipima si ile iliyokuwepo kabla hujatoboa. Pale maji ya mrijani yanapokutana na maji ya seli, ioni zinavuka kwa kasi tofauti na kuzaa volteji ya ziada, pengine milivolti kadhaa. Na ukipitisha mkondo wa nanoampea moja kwenye mrija wenye ukinzani wa megaomu 10, milivolti 10 zinapotelea kwenye mrija wenyewe. Kwa seli yenye milivolti 70, hilo ni kosa la sehemu moja ya saba. Erwin Neher na Bert Sakmann, walioonesha mwaka 1976 jinsi ya kunasa umeme wa mlango mmoja tu wa utando, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Sehemu kubwa ya ufundi wao ilikuwa kuufanya mrija ushikamane na utando bila kuvuja. Ugunduzi wao ulisimama juu ya kuidhibiti elektrodi.

Mambo haya yanafundishika hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha uhandisi wa vifaa tiba na afya ya kidijitali. Chuo cha ufundi cha Kigali, kilichojulikana kama IPRC Kigali, kinafundisha mafundi wa vifaa tiba. Vijana wapo na ujuzi upo. Kinachohitajika ni kuamua kwamba ubora wa kipimo ni sehemu ya matibabu, si hisani ya fundi mwenye moyo mzuri.

Kwa hiyo natoa rai tatu. Kwanza, kila ripoti ya EEG iandikwe ukinzani wa elektrodi mwanzoni na mwishoni mwa kipimo, kama vile ripoti ya damu inavyoandikwa tarehe na saa. Daktari atakayeisoma kesho, au mwezi ujao katika hospitali nyingine, ajue alikuwa anasoma ubongo au anasoma jeli iliyokauka. Pili, hospitali zinapopokea vifaa vya msaada, zidai pia elektrodi zake, jeli yake na nyaya zenye alama moja kwa hospitali nzima. Mashine ya mamilioni iliyofungwa elektrodi iliyochakaa ni hasara, na ni hatari. Tatu, fundi apewe muda. Kubandika elektrodi 21 vizuri ni kazi ya nusu saa au zaidi. Foleni ikiwa ndefu, kinachokatwa kwanza ni muda wa kusafisha ngozi, na makosa yote niliyoyaeleza yanaingilia mlango huo.

Nawe msikilizaji, una sehemu yako. Ukiandikiwa EEG, osha nywele kwa sabuni siku moja kabla, usipake mafuta. Uliza mapema kuhusu misuko, ili usije ukarudishwa. Ukiwa kitandani tulia, na ukisikia elektrodi imelegea sema hapo hapo, usione haya kumsumbua mtu. Na ukipewa majibu yanayobadilisha maisha yako au ya mwanao, una haki ya kumuuliza daktari kwa heshima: kipimo kilikuwa safi? Je, kinalingana na dalili tulizozieleza? Kifafa hakithibitishwi na karatasi peke yake. Daktari mzuri huanza na maelezo ya aliyeshuhudia mtu akianguka, kisha hukiweka kipimo pembeni ya maelezo hayo. Hatachukizwa na swali lako, kwa kuwa ni swali ambalo yeye mwenyewe anatakiwa ajiulize kila mara kabla hajaweka sahihi.